Kipa Aliyenyamaza

Baa ya karibu na reli, pale mjini Mahalapye, ilikuwa na mwanamke aliyejua kukataa. Aliitwa Mma Gofaone, yaani Mama Gofaone, na wanaume wenye miraba minne walimwogopa kama mama mkwe. Ukishalewa, bia hupati tena. Unapewa bakuli la supu ya mifupa na kiti cha mbali na mgomvi wako. Miaka ilipita bila damu kumwagika kwake, na jambo hilo alijivunia.

Jumamosi moja alasiri, timu ya mtaa ilifungwa na wageni. Bao lilipita katikati ya miguu ya kipa wao, Thuso. Watu wakahamia baa, na Oteng, fundi magari asiyejua kufunga mdomo, akaanza.

"Jamani, mnunulieni Thuso sketi ya kubana, labda miguu itakutana!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Mma Gofaone naye akacheka.

"Mama, niongezee moja nimpongeze kipa wetu," Oteng akasema.

"Huongezewi kitu. Nenda kwa mkeo ukalale."

"Unanifukuza? Kwani nimempiga nani?"

"Mdomo wako umeshapiga watu wote humu. Haya, toka."

Oteng akatoka akipepesuka, huku anaimba. Mma Gofaone akashusha pumzi.

Thuso alikuwa kaunta, hajasema neno. Alisukuma glasi, Mma Gofaone akaijaza. Akaisukuma tena, akajaziwa tena, kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Mpira ndivyo ulivyo."

Thuso akaitikia kwa kichwa, akaaga kwa adabu, akatoka na chupa mkononi.

Usiku huo watu walimkuta Oteng kando ya reli, shingo imechanwa kwa chupa iliyovunjika. Thuso alikuwa amempakata, analia, anamwita "ndugu yangu". Oteng hakufika hospitali.

Msibani, mjane wa Oteng alimshika Mma Gofaone mkono. "Asante, mama. Wewe angalau ulimkatalia."

Mma Gofaone angetukanwa, angepumua. Alitaka kusema kwamba pombe iliyomuua Oteng aliimimina yeye, kwa mtu mwingine, kwa sababu tu mtu huyo hakupiga kelele. Badala yake akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Bado anauza pombe katika baa ileile. Siku hizi wapiga domo hawamsumbui sana. Yeye humsogelea yule aliyenyamaza.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama. Nimechoka tu."

Naye husimama hapo na chupa mkononi, asijue amwamini au la.