Nyota Nyekundu ya Beatha

Ta.

Ni komeo la chuma likigonga mlango kwa ndani. Eliakunda alikuwa nje, mtoto mdogo, mkono wake umo mkononi mwa mama yake, na katika asubuhi ile yote mlio huo ndio uliombakia. Kabla ya komeo baba yake, Zephania, alikuwa amesema neno moja tu: "Toka."

Mama yake, Beatha, alikuwa amezaa mtoto mmoja, tena wa kike, na hospitali ikasema hatazaa mwingine. Waliteremka kutoka kijijini Myamba kwa miguu, na Beatha akarudi kwa kaka zake, Usangi. Zephania akaleta mwanamke mwingine, akazaa naye mtoto wa kiume, Asheri. Tangawizi aliyoipanda Beatha ikavunwa na wengine. Alipokufa alizikwa hukohuko Usangi, na mlango ule wa Myamba hakuuingia tena.

Eliakunda sasa ni mtu mzima, ana steshenari yake Same mjini, jirani na stendi. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anafuta vumbi linaloingia hata mlango ukiwa umefungwa. Lakini kinachowaleta watu kutoka mbali ni slaidi zake: za sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, za harusi, za kuwakumbuka marehemu. Kazi yenyewe ni ya subira. Kila picha unaipa namna ya kuingia kwenye kioo, na ukitaka, namna ya kutoka. Kompyuta huweka nyota ya kijani kwa anayeingia na nyekundu kwa anayetoka. Picha inaweza kutokeza polepole, kama mlima wa Shengena ukungu unapouachia. Inaweza kuruka kutoka pembeni. Inaweza kudunda kama mpira, na hiyo Eliakunda haitaki kuisikia.

"Marehemu hadundi," huwaambia wateja.

Alijifunza kwa aibu. Alipokuwa bado mgeni wa kazi alitengeneza slaidi za sendofu huko Lembeni, akampachika bibi harusi nyota nyekundu bila kuangalia. Picha ya binti iliingia, ikazunguka, ikaruka nje ya kioo kabla mshereheshaji hajamtaja hata baba mzazi. Shangazi mmoja akasimama na sahani yake.

"Jamani, mbona mnamtoa kabla sisi hatujamtoa? Au mahari mmeshaipokea nyie wa kompyuta?"

Ukumbi uliangua kicheko. Eliakunda hakucheka. Tangu siku hiyo bibi harusi wake hapati nyota nyekundu mpaka wazazi waseme, na marehemu hapati kabisa. Marehemu akishaingia, anakaa.

Asheri alikuja dukani akitokea Dar es Salaam, flashi mkononi. Baba yao alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na nyumbani Myamba kungekuwa na ibada ya kumbukumbu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa basi."

Hakukaa. Aliinama juu ya bega lake, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Slaidi ya mwisho ni ya familia. Mzee anaingia kwanza, katikati. Halafu mama yako, kushoto, maana wazee watamuulizia. Halafu yeye anatoka, mama yangu anaingia palepale, na mimi chini."

"Anatoka."

"Kwa adabu, dada. Weka ile ya kufifia. Sijasema umrushe."

"Nafasi ipo ya wote, Asheri. Kioo ni kipana."

"Sikuja kupima kioo. Mama atakuwa amekaa mbele pale, unataka akodolewe macho na mwenzie ibada nzima? Yule si aliondoka mwenyewe?"

Eliakunda aliachia kipanya.

"Nani kakwambia aliondoka?"

"Mzee. Siku zote alisema hivyo. Beatha aliondoka."

Aliondoka. Kumbe ndivyo jambo lile lilivyokuwa limesimuliwa mezani, juu ya makande ya nyumba ile, miaka yote. Kama mtu aliyechoka na mwendo wake, akachukua kanga, akaenda zake. Damu ilimpanda Eliakunda mpaka masikioni, akashindwa kusikia kelele za stendi.

"Acha flashi," alisema.

"Usije ukaniaibisha, dada. Nimealika watu wa kazini."

Alipokuwa peke yake aliitengeneza kama alivyoagizwa. Baba akaingia. Beatha akaingia, kitambaa kichwani, akikaza macho kwa sababu ya jua. Eliakunda akampa nyota nyekundu, akabonyeza. Mama akafifia vizuri, bila kelele, pakabaki peupe. Ilikuwa kazi safi, na usafi wake ndio uliomtia hasira zaidi. Alimkasirikia Asheri na sauti yake ya adabu. Alimkasirikia marehemu, ambaye hakuwa na pa kujibu. Alikikasirikia kidole chake mwenyewe, kilichojua kumfukuza mtu kwa upole namna ile. Akaigusa nyota nyekundu, akaifuta. Kisha akafungua kabati, akatafuta picha nyingine.

Siku ya ibada Myamba ilikuwa na ukungu, lakini sebule bado ilikuwa na mwanga mno kwa projekta. "Fungeni mlango," Asheri aliamuru. Mtu akausukuma, akateremsha komeo.

Ta.

Juu ya mlango huohuo wakatundika shuka jeupe. Mama yake Asheri alikaa mbele, jirani na mchungaji, mikono mapajani. Slaidi zilipita, watu wakiguna kwa upendo, mpaka ya mwisho. Zephania akaingia katikati. Eliakunda akabonyeza, na Beatha akatokeza polepole juu ya mlango aliofungiwa nje.

"Beatha huyo," kikongwe mmoja alinong'ona nyuma. "Beatha wa tangawizi."

Akabonyeza. Mama yake Asheri akaingia kulia. Akabonyeza tena. Asheri akaingia chini, na suti yake. Beatha alikuwa bado yupo.

Asheri aliinuka akaja kuinama mezani.

"Dada, umesahau kumtoa."

"Sijasahau."

"Bonyeza. Watu wanaangalia."

"Wewe kijana, kaa chini," mzee mmoja alilalamika. "Unatuzibia na hicho kichwa."

Asheri hakukaa. Alinyoosha mkono akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu, kama anayeua mdudu. Hakutoka mtu. Aliingia mwingine: msichana mdogo asiye na viatu, Eliakunda wa miaka ile, akasimama kando ya Beatha. Sebuleni wakaanza kunong'onezana kwa Kipare. Mama yake Asheri aliitazama picha ile, akashusha macho.

Asheri alibonyeza tena na tena, lakini Eliakunda alikuwa ameshachomoa waya wa kipanya, ameushika kwenye ngumi.

"Nakuuliza kwa heshima," Asheri alisema, ameuma meno. "Mama yako anatoka saa ngapi?"

Hasira ya kutosha kupasua mabati ilikuwa imemjaa Eliakunda. Aliutazama uso wa mama yake juu ya shuka, na nyuma ya shuka uvimbe mdogo wa lile komeo, limefungwa, na mama yupo ndani.

"Hatoki," alisema, kwa sauti ya chini sana.