Ndoo Tisa za Kanisius

Tulipokuwa darasa la pili, mwalimu mkuu alikuwa na mke aliyependa kuoga. Simsemi vibaya, alitoka sehemu za milimani na joto la bonde letu lilimtesa. Alioga asubuhi, mchana na jioni, na maji yake tuliyabeba sisi wanafunzi, kila mtoto na kopo lake kichwani, kutoka kisimani hadi kwenye pipa lake. Mdogo wangu Kanisius alikuwa na shingo isiyotulia. Akifika, kopo limebaki nusu, na nusu ilikuwa fimbo mbili. Basi tukifika kwenye migomba nyuma ya jiko la mwalimu nilikuwa nammiminia yangu. Lake linajaa, langu linapungua, fimbo nakula mimi. Sikuona kama ni wema, niliona ndivyo kaka anavyofanya. Darasa la tatu nikaacha shule nikaenda kuamia ndege kwenye mpunga wa baba. Kanisius aliendelea hadi la saba, na barua za nyumbani zote aliandika yeye. Hii naandika mwenyewe, mtanisamehe ikienda kombo.

Ninyi wa Lupiro mmekuwa mkinisimamisha njiani kuuliza safari yetu ya Ifakara, na kila mmoja nimempa kipande. Mwingine kapewa kipande cha daraja, mwingine cha friji, halafu mnakutana mnabishana. Leo naandika yote kwa mpangilio.

Tuliondoka kwa sababu ya miguu ya Kanisius. Ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki pale kama kwenye udongo wa jaruba la mpunga. Asubuhi uso umejaa, na mkojo una povu kama maji ya kufulia. Mgongo ulikuwa umemuuma miaka mingi, naye alimeza vidonge vya maumivu vya dukani kama mtu anayetafuna karanga. Zahanati walimtazama, wakasema hizo huenda ni figo, nendeni hospitali Ifakara.

Jumatatu asubuhi tulipanda bodaboda moja, dereva mbele, Kanisius katikati, mimi nyuma kabisa nimeshika mfuko wa nguo. Mpunga ulikuwa wa kijani pande zote. Nilitaka kumwonyesha shamba la yule Msukuma aliyelima hadi ukingoni mwa barabara, lakini hakuwa anasikiliza. Darajani aliomba tusimame, akashuka akaenda pembeni kujisaidia. Alikaa muda mrefu. Dereva akasema huyu mzee anajaza mto au anauchota? Kanisius akarudi anafunga mkanda, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, matone."

Saa nne tulikuwa hospitalini. Daktari alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu, akatuamkia shikamoo kila mmoja yake, kwa hiyo nikampenda kabla hajasema kitu. Akamtoa Kanisius damu. Halafu akageuza karatasi akachora maharage mawili makubwa, akasema hizi ndizo figo, ziko nyuma chini ya mbavu, kila moja ukubwa wa ngumi. Hapo nilikuwa naye, maana figo za mbuzi nimezila sana.

Aliponipoteza ni mbele kidogo. Alisema damu yote inapita humo, inazunguka mwilini, inarudi kupita tena, kutwa kucha. Ndani ya kila figo kuna vichujio kama milioni moja, vidogo mno. Damu ikisukumwa pale, maji yanapenya, na chumvi, na sukari, na uchafu. Chembe za damu na protini ni kubwa, zinabaki ndani. Povu la Kanisius ni kwa sababu vichujio vimetoboka na protini inaponyoka. Kisha akasema maji yanayochujwa kwa siku moja ni kama ndoo tisa za lita ishirini.

Nikamtazama Kanisius. Mtu mwenyewe mwembamba. Nikauliza hizo ndoo tisa zinakaa wapi, na yeye tangu asubuhi amekunywa kikombe kimoja. Daktari akacheka kidogo, akasema ni maji yaleyale, babu, yakishachujwa yanapita kwenye mirija myembamba, mwili unayachukua tena, pamoja na sukari na chumvi unayoihitaji. Yanarudi kwenye damu, yanachujwa upya. Kinachoshuka kwenye kibofu mwisho wa siku ni lita moja na nusu hivi.

Nikamwambia huo ni usumbufu. Ni sawa na mwanamke anayetoa vyombo vyote uani ili afagie punje tatu za mchele, kisha avirudishe. Kwa nini figo isitoe takataka peke yake?

"Figo haiijui takataka, babu," akasema. "Inakijua kilicho chake. Inachukua chake, kinachobaki ndiyo mkojo."

Neno hilo nalala nalo mpaka leo. Kuna siku nadhani nimelielewa, nikisimama kwenda kuokota jembe, neno limeshaniponyoka.

Lakini la maana lilikuwa hili, na hapo Kanisius alikaa wima. Kama figo bado zina nguvu, atarudi nyumbani na vidonge vyake, aache vya maumivu, aje kliniki. Kama zimekwisha, itabidi aende mji mkubwa akaunganishwe na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, wiki zote. Maana yake kuhama. Maana yake shamba, nyumba na kaburi la mkewe vibaki. Ili kujua, daktari alitaka damu ile, pamoja na mkojo wote wa siku nzima. Akatupa dumu jeupe. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi akojoe wa kwanza amwage, kisha kila tone liingie humo mpaka Jumatano saa kumi na mbili. Na dumu likae pabaridi.

Tulifikia mtaa wa Viwanja Sitini, kwa Bi Zuhura, mwanamke wa asili ya pwani mwenye duka, ambaye mumewe marehemu alikuwa akinunua mpunga wetu. Alitupa chumba cha uani na wali wa nazi. Nilipomwomba nafasi ya dumu kwenye friji lake alinitazama kama nimemtukana.

"Mzee Beda, huo ni najisi. Kwenye soda zangu hauingii hata ungekuwa wa askofu wenu."

Akatuletea beseni la mchanga, akaumwagia maji, dumu likakaa humo bafuni kama mtungi. Likakaa pabaridi kweli.

Jumanne alasiri niliingia bafuni, nikalinyanyua. Tangu asubuhi lilikuwa limepata kiasi cha vidole viwili. Nilisimama pale. Nilikuwa nimekunywa chai ya Bi Zuhura vikombe vitatu, na kibofu changu kilikuwa kimejaa. Nikasema moyoni, huyu akipeleka hivi, wanamhamisha. Tena tumetoka tumbo moja, mkojo wetu utapishana nini? Nikamwongezea. Magharibi nikaongeza, na asubuhi kabla hajaamka. Sikuzidisha, nililenga lita moja na nusu, maana somo la daktari nililisikiliza vizuri.

Jumatano kulipokucha Kanisius aliweka wa mwisho, akalinyanyua dumu, akalipima mkononi. Akatabasamu. Tangu mkewe afe sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile. Akasema kumbe hali si mbaya.

Saa nane mchana tuliitwa. Daktari alikuwa na karatasi mbili mbele yake na uso wa mtu aliyepewa funguo zisizo za mlango wake. Alisema damu inaonyesha figo zimechoka sana, lakini mkojo ni mwingi na unaonyesha uchafu unatoka vizuri, na mambo hayo mawili hayakai pamoja. Labda damu ilikosewa. Atampa vidonge, arudi nyumbani, damu itapimwa tena mwezi ujao. Kanisius akaanza kuzungumza kuliko kawaida yake. Palizi ya jaruba la juu, bati la jikoni. Akaniambia mimi ndiye nilikuwa na hofu za kike.

Daktari akaanza kuandika. Nikaona kalamu inakwenda, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa hata sijui ninachotaka. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukaishika ile kalamu.

"Daktari," nikasema, "mkojo mwingine ni wangu."

Hakunifokea. Aliuliza kiasi gani. Nikasema nusu, na zaidi. Akaichana karatasi, akasema basi damu haikukosewa. Atapewa dumu jingine, aanze upya kesho, ila ajiandae kwa safari ya mashine.

Kanisius alinigeukia. "Kaka," akasema, "nilikuwa nimeshafurahi."

Niwaeleze kurudi kwanza, maana nikimaliza hili lingine sitaendelea. Nilirudi Lupiro Ijumaa, peke yangu, mfuko wa nguo zake mapajani. Bi Zuhura aliumwaga mchanga mbali na kisima. Nilichojifunza ni hiki: vidonge vya maumivu visimezwe kama karanga, mkojo ukiwa na povu usingoje mavuno, na mtu akipewa dumu ni la kwake, hata mama yake mzazi asimsaidie. Mengine sikujifunza. Wapo wanaosema wamemwona Mlimba, nikaenda, alikuwa mtu mwingine. Wapo wanaosema Malinyi. Mvua zimenyesha na kukatika mara mbili.

Siku ile daktari alipotoka kuchukua dumu jipya, Kanisius alisimama, akavaa kofia yake. Hakuwa na hasira usoni, ningeiona. Alipita mlangoni, akawapisha akina mama waliobeba watoto, akavuka uwanja kwa mwendo wake wa taratibu wa miguu iliyovimba, mpaka kona ya ukuta ambako vyoo viko. Nilidhani anakwenda kukojoa, nikakaa kwenye benchi kumsubiri. Hakurudi.