Abiria wa Kiti cha Mbele

Haya niliyaona mchana kweupe, nikiwa nimeshasali na kunywa chai, na mke wangu alikuwa pamoja nami. Nasema hivyo mapema kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kwa giza na vichaka, msikilizaji akapata nafasi ya kusema labda mzee alisinzia. Sikusinzia. Nimekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na miaka yote hiyo nimewaambia watu waache kuogopa mizimu. Niamini, ningependa kuendelea kuwaambia hivyo kwa sauti ileile.

Mke wangu, Mama Tumaini, alikuwa akipoteza macho. Daktari alisema atamfanyia upasuaji, lakini hakutuahidi kitu. Basi Mama Tumaini akataka jambo moja kabla ya upasuaji: aione Misheni ya zamani ya Bagamoyo, mahali ambapo babu wa mama yake alibatizwa akiwa mtoto aliyekombolewa utumwani. Habari hiyo aliisikia tangu utotoni huko kwetu Morogoro, na hakuwahi kufika. Alitaka kuiona, hata kama ni kwa ukungu.

Binti yetu Tumaini akatutafutia nyumba ya mapumziko huko Mapinga, ndani shambani, mbali kidogo na lami. Akatuachia na gari lake. Nyumba ilikuwa nzuri, namshukuru Mungu na namshukuru mtoto. Kasoro yake ilikuwa moja: haikuwa na mwenyeji. Ufunguo unakaa kwenye kisanduku cha chuma ukutani. Unabonyeza namba ulizotumiwa kwa simu, unafungua, unaingia. Mama Tumaini alisimama mlangoni akapiga hodi. Nikamwuliza anadhani nani atamkaribisha. Akasema nyumba ya watu haiingiwi kimyakimya kama paka.

Asubuhi ya kwanza tulipotoka, tulimkuta bibi mmoja ameketi kwenye tofali kando ya lango. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, na sisi wenyewe ni wazee. Amevaa kitenge kipya ambacho mikunjo yake ilikuwa bado inaonekana, rozari shingoni, ndala chakavu miguuni, na mapajani kimfuko cha kitambaa chenye viatu. Unajua jinsi mama zetu wanavyosafiri: ndala za njiani, viatu vya kanisani.

Tulimwamkia. Hakuitikia marahaba. Alisema tu, "Mnakwenda wapi?"

Nikamwambia tunakwenda Misheni. Akatazama kiti cha mbele, upande wa abiria, nilikoweka kikapu cha chakula. Mama Tumaini alikuwa amekaa nyuma, kwa sababu mwanga wa kioo cha mbele ulimwumiza macho. Yule bibi hakusema neno lingine. Nilidhani ni mama wa mlinzi wa shamba, nikaondoa gari.

Kabla hatujafika Kerege gari lilizima. Fundi akaja, akafungua hiki, akakaza kile, akapiga simu kwa fundi mwenzake, jua likapanda hadi utosini. Hakuona ubovu. Mwishowe tukavutwa kurudi Mapinga. Tulipofika langoni nikajaribu ufunguo, na gari likawaka vizuri kama jipya. Yule bibi hakuwepo. Nilimwambia mke wangu kwamba ni majaribu, tushukuru hatukupata ajali. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimekereka.

Kesho yake tulichelewa kuamka, tukaona siku imeshakatika, tukaamua kwenda magofu ya Kaole tu. Bibi yupo langoni, kitenge kilekile, swali lilelile. Nikajibu, Kaole. Akasema, "Haya, nendeni salama." Tukaenda salama kabisa. Tulitazama makaburi ya kale na kuta za misikiti, tukala samaki, tukarudi. Mama Tumaini alikuwa mpole mno siku ile, na mimi humjua akiwa mpole hivyo. Alisema amefurahi, lakini hakuja kuona kuta za watu wengine.

Siku iliyofuata nikasema leo ni Misheni, hata kwa kusukuma. Bibi akauliza, nikamjibu, akatazama tena kiti cha mbele na kunyamaza. Sasa sikiliza. Kutoka Mapinga kwenda Bagamoyo barabara ni moja, ya lami, imenyooka. Mtu anawezaje kupotea? Tulipita Kerege. Pana kibanda cha kuchomelea mageti pale, na geti jekundu limeegemezwa nje. Tukaendelea, tukapita Kiromo, nikamwambia mama ajiandae, tunakaribia. Mara nikaona kibanda cha kuchomelea na geti jekundu.

Nilijiambia mageti mekundu ni mengi. Kisha Mama Tumaini akasema kutoka nyuma, "Baba Tumaini, ule mwanga wa kuchomelea mbona unaniumiza mara ya pili?"

Sikupinda kona. Sikugeuza gari. Niliendelea mbele, mikono imeshika usukani mpaka vidole vikafa ganzi, nikisali Salamu Maria kwa sauti. Kilichofuata mbele yangu hakikuwa Bagamoyo. Kilikuwa kibao cha Mapinga, na ile njia ya vumbi ya kuingilia kwetu. Ningekuwa kijana ningetukana. Niliegesha gari pembeni, nikapiga usukani kwa kiganja. Mama Tumaini akanigusa bega akasema tusilazimishe, pengine Mungu hataki. Hilo liliniudhi kuliko barabara yenyewe, kwa sababu aliamini anachosema. Upasuaji ulikuwa umekaribia, nasi tulibakiwa na siku moja tu, Jumapili.

Nilimpigia simu Tumaini, nikamwomba amwulize mwenye nyumba yule bibi wa langoni ni nani. Akanipigia baadaye. Mwenye nyumba anasema hakuna bibi yeyote pale. Shamba ni lake, amelizungushia ukuta, na mlinzi ni mwanamume asiye na mama. "Baba, mnakula lakini?" Tumaini akaniuliza. Mtoto niliyemfundisha kusoma ananiuliza kama nakula.

Jumapili asubuhi niliamua nitapita pale langoni bila kusimama. Unaweza kunilaumu, lakini nilishachoka. Nikawasha gari, nikasogea, na Mama Tumaini akasema, "Simama."

Alishusha kioo. Akamwamkia bibi kama kawaida, na bibi akauliza kama kawaida. Mke wangu akajibu kwa yale maneno ambayo sisi sote huyasema bila kufikiri, mtu akitukuta tunatoka au tunakula. Akasema, "Tunakwenda Misheni, mama. Karibu, twende wote."

Bibi akainuka. Kwa mara ya kwanza akasema, "Marahaba, mwanangu."

Alizunguka mbele ya gari, na mimi nikamwona vizuri kwenye kioo, mtu kamili, kitenge na rozari. Nikahamisha kikapu. Aliketi, na gari likaanza kulia ti, ti, ti, taa nyekundu ya mkanda ikawaka. Hakujua ni nini. Mama Tumaini akainama kutoka nyuma, akapapasa, akamfungia mkanda. Aliniambia baadaye kwamba mkanda ulimshika mtu, mtu mwembamba, na kwamba kitenge kilinukia dawa ya nondo, kama nguo iliyotoka sandukuni.

Kerege tukapita. Geti jekundu tukaliona mara moja tu. Njia nzima bibi alitazama nje kama mtoto. Bagamoyo tukaingia, Misheni tukafika, kengele ya misa ikiwa inalia. Nilitaka kulia na mimi.

Palepale kitini alibadili viatu. Ndala akazisukuma kwa mguu chini ya kiti. "Nawaachia hizi," alisema, "nitazivaa tukirudi. Mtanipitia?"

"Tutakupitia, mama," mke wangu akasema.

Akashuka, akafuata njia ya makaburini, taratibu, akiyumba kidogo kama mtu ambaye viatu vinambana. Mimi nilikuwa namsaidia mke wangu kushuka. Nilipogeuka sikumwona.

Mama Tumaini aliiona Misheni. Alizigusa kuta, akasimama mbele ya mnara akiinua uso, akanieleza rangi zake, na nyingi zilikuwa sawa. Akataja jina la babu wa mama yake kwa sauti, mara moja tu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo na sitaacha.

Baada ya misa tulimtafuta yule bibi. Tulizunguka makaburini, tukauliza watu waliokuwa wakitoka kanisani, tukakaa garini milango wazi hadi jua likaanza kushuka. Hakuna aliyemwona. Tukaondoka. Ungefanya nini wewe?

Pale njia ya vumbi inapoingia Mapinga pana genge la nyanya, na mama mwenye genge ni wa siku nyingi. Nikamweleza sura ya bibi. Akaacha kupanga nyanya. Akasema huyo ndiye aliyekuwa mwenye shamba, kabla watoto wake hawajaliuza. Kila Jumapili alivaa, akaketi pale langoni na viatu vyake kwenye kimfuko, kwa sababu watoto walimwahidi watakuja na gari wampeleke Misheni walikozikwa wazazi wake. Kila Jumapili wakasema ijayo. Walimkuta hapohapo amekaa, ameshakufa, viatu havijavaliwa.

Upasuaji ulifanyika. Haukusaidia. Mke wangu sasa haoni, na halalamiki, amenishinda kwa subira. Tumaini alituachia lile gari, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Kila tunapotoka, hata kwenda kanisani hapa jirani, kiti cha mbele kikiwa kitupu, gari linalia ti, ti, ti. Fundi umeme amebadilisha kifaa cha kiti. Linalia. Padri amelibariki. Linalia. Nimesali juu yake kwa imani yangu yote, na imani yangu si ndogo, bado linalia. Ndala nilitaka kuzitupa. Mama Tumaini akanizuia. "Atavaa nini tukirudi?" akasema.

Nisikilize basi, wewe unayepanga nyumba za watu na kuzunguka kutalii. Mtu akikuuliza unakwenda wapi, usimwambie twende kama huna nafasi moyoni, na usimwambie utampitia kama hujui utampata wapi. Na kama una mama anayesubiri gari lako, usimwambie Jumapili ijayo.

Mimi mwenye macho naona kiti kitupu. Gari linalia, nami najikaza nisiseme neno baya. Kisha Mama Tumaini anainama kutoka nyuma, anapapasa, anavuta mkanda na kuupitisha mbele ya kiti, polepole, kama asiyetaka kumbana mtu. Unafunga. Kelele inakoma.

"Tayari, Baba Tumaini," ananiambia. "Twende."