Mlinzi wa Ras Al Khor anayetaka jina la mumewe litoke kwenye jalada

Saa saba mchana, jua la Agosti limechemsha lami ya Ras Al Khor, eneo la viwanda la Dubai. Phyllis amesimama kwenye kibanda cha lango la ghala la vipuri vya magari, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Dereva Mtanzania anashuka kwenye lori na kulivuta daftari la wageni aandike jina lake. Phyllis analifunika kwa kipande cha katoni alichokitoboa upenyo mwembamba, ili kila mgeni auone mstari wake tu.

"Andika hapo, kaka. Ya wengine hayakuhusu," anamwambia.

Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Msimamizi wake alimtania mwanzoni kwamba analilinda daftari kuliko ghala, kisha akamzoea. Kazi hii ameifanya miaka sita, saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Katoni aliianza mwaka jana tu, 2016.

Phyllis ni Mkenya wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Mumewe ni mwanajeshi, na kwa miaka minne sasa amekuwa akipangiwa Somalia. Gazeti hili limekubali kutotaja jina la ukoo wao, jina la mume, wala mahali watoto wanapoishi. Ndilo sharti pekee alilotoa, na ukisikia yaliyompata huwezi kumlaumu.

Yote yalianza kwa nia njema, kwenye chama chao cha kufa na kuzikana. Ni Wakenya sitini na watatu, wengi wao walinzi na wafanya usafi, ambao hukutana kila Ijumaa katika chumba cha mwenzao mtaani Naif.

Aliyekianzisha ni Teresiah, mfanya usafi wa hoteli. Kaka yake, Justine, alifariki dunia hapa Dubai mwaka 2013, na mwili ukakaa chumba cha maiti siku thelathini na nane kwa kuwa hakuna mwenzake aliyejua nyumbani apigiwe nani. Siku zote hizo Teresiah, akiwa bado Kenya, alikuwa akimtumia kakaye ujumbe na kumnunia kwa kutomjibu.

Ndiyo maana chama kikaweka utaratibu. Kila mwanachama aandikishe mtu wake wa karibu, kazi ya mtu huyo, kijiji, simu ya nyumbani, watoto na shule wanazosoma. Orodha ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Phyllis, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, akachaguliwa katibu.

"Cheo cha mume wangu nilikiandika kwa madaha," anasema. "Cheo, kikosi, kila kitu. Nilitaka wajue mimi si mke wa mtu ovyo ovyo."

Mwaka 2015 chama kilisajiliwa nyumbani ili kiweze kufungua akaunti ya benki, na orodha ile ikaambatanishwa kwenye maombi. Ikawa ukurasa wa nne wa jalada. Na jalada la chama, katika ofisi ya usajili, husomwa na yeyote anayelipa ada ndogo na kujaza fomu. Hakuna aliyeliwazia hilo, hata katibu mwenyewe.

Februari mwaka uliofuata, simu ya mama mkwe wake ililia. Mwanamume mwenye sauti ya upole alimwamkia shikamoo, akamtajia mwanawe kwa jina na cheo, akamtajia mkwe aliye Dubai, na mjukuu na shule yake. Mama aliamini anaongea na mtu wa jeshi. Nani mwingine angejua yote hayo? Alipoulizwa kijana atarudi lini likizo, akajibu bila wasiwasi, hadi siku yenyewe na basi atakalopanda.

Ndipo sauti ikabadilika. Mtu yule akamwambia kwamba siku hiyo yeye na wenzake ndio watakaompokea kijana, kabla ya mama yake.

Phyllis alijua chanzo siku ileile. Shule aliyoitaja mtu yule, mtoto alikuwa ameshaihama tangu Januari. Ya zamani ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye orodha aliyoiandika kwa mkono wake.

Mumewe aliamriwa na wakubwa wake asikanyage nyumbani, na likizo yake yote akaimalizia kambini. Familia ilihama kwa siku moja. Mama mkwe aliacha shamba la viazi, ng'ombe wawili wa maziwa na kaburi la mumewe. Hadi leo simu ikilia humpa mjukuu aipokee.

"Anaamini yeye ndiye aliyemuuza mwanawe," anasema Phyllis, na hapo machozi yanamlenga. "Namwambia, mama, mwenye kosa ni mimi. Hataki kusikia."

Aliiandikia ofisi ya usajili barua tatu. Jibu lilikuja Mei mwaka huu: ukurasa hauwezi kung'olewa, ila utafungiwa usisomwe endapo chama kitaleta orodha mpya yenye saini za wanachama wote. Katika orodha hiyo, wanachama wanne wenye ndugu jeshini, Phyllis akiwemo, wataonekana kwa namba tu.

Kwa Ijumaa tano alikusanya saini sitini na mbili. Iliyobaki ilikuwa ya Teresiah.

Wiki iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwepo Naif wakati wawili hao walipokabiliana. Teresiah hakupandisha sauti. Alisema anaijua hofu ya mwenzake, lakini yeye anaujua mwili uliokosa mwenyewe. Kisha akauliza.

"Na wewe ukianguka pale langoni kesho, dada, nimpigie nani? Namba?"

Phyllis alimshika mkono na kumtoa nje hadi ngazini. Huko alimwambia kwa mdomo tu: simu ya mama mkwe, kijiji kipya, na njia ya kufika. Akamtaka arudie mara tatu. Kwa mwaka mmoja na nusu jina la kijiji hicho lilikuwa halijamtoka mbele ya mtu yeyote.

Waliporudi, Teresiah aliomba kalamu. Kabla ya kikao kufungwa iliamuliwa kwamba wale watatu wengine nao, kila mmoja amchague mtu wa kumwambia, na kisiandikwe kitu.

Desemba Phyllis atakwenda likizo na kuipeleka orodha mpya mwenyewe, mkono kwa mkono. Hajidanganyi. Waliokwisha kuisoma ya zamani wameisoma, na hakuna ofisi ya kuwafuta macho.

"Lakini asiongezeke mwingine," anasema, huku akimfungulia lango dereva anayefuata. "Inshallah, jeshi likimwachilia, nataka mume wangu aje nyumbani mchana. Apande basi kama watu wengine, na abiria wa kando akimuuliza anashukia wapi, amwambie."