Ndoto Niliyofundishwa Kuota

Usiku wa kuamkia siku ile sikuota kitu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wa kwetu hapa Stockholm. Tukikaa kunywa kahawa baada ya ibada, kila mmoja anasimulia alivyoonywa usingizini kabla vita havijafika mlangoni kwake. Huyu aliota meno yanadondoka, yule alimwona marehemu babu yake akimwambia afungashe. Mimi je? Nililala fofofo. Mawese yalikuwa yamenichosha.

Tulikuwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mimi na mume wangu Salvatori, na nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kazi yetu ilikuwa kukamua mawese. Asubuhi hiyo pipa la chikichi lilikuwa motoni tangu alfajiri, na Salvatori alikuwa ananitania kwamba kwa jinsi ninavyoyalamba hayo mafuta, mtoto atazaliwa mwekundu kama mawese na mkunga atashindwa kumshika kwa utelezi. Nikamrushia kokwa, likampata sikioni. Vita tulikuwa tukivisikia muda mrefu, lakini vilikuwa vya watu wa milimani. Binadamu huzoea. Siku hiyo kilichonikera ni kuni: zilikuwa mbichi, moshi mwingi, moto hakuna.

Milio ikaanza upande wa barabara kuu.

Haikuwa ya mbali. Nilisikia bati la jirani likitobolewa.

Salvatori alinishika mkono tukakimbilia ziwani. Hatukuchukua kitu. Katikati ya njia akasimama. Mama yake alikuwa amelala ndani, mguu umevimba, hawezi hata kukanyaga.

"Tangulia," akaniambia. "Panda boti lolote. Nambeba mama, nakuja nyuma yako."

"Salva, turudi wote."

"Konso, tangulia! Na wewe umebeba mtu."

Nikatangulia.

Ufukweni watu walikuwa wanajazana kwenye boti la injini mpaka ubao wa juu umekaribia maji. Mikono nisiyoijua ikanivuta ndani. Niligeuka nikatazama njia tuliyotoka. Niliona moshi. Niliona mbuzi wanakimbia bila mtu.

Salvatori sikumwona.

Mwenye boti akawasha injini. Nikapiga kelele asubiri. Kila mtu alikuwa anapiga kelele.

Alina, binti yangu, alizaliwa kambini Tanzania. Kila lori lililoleta wakimbizi wapya nililipokea mimi, na mtoto mgongoni, natazama nyuso moja baada ya nyingine. Watu wa kambini wakanizoea. Walidhani nimepewa kazi hiyo. Hakuna aliyejua habari za Salvatori. Miaka ikapita, tukachukuliwa kwenda Uswidi, tukapewa nyumba ya kupanga Alby, pembezoni mwa Stockholm, nami nikapata kazi ya usafi kwenye maofisi ya Kista.

Ndoto ilinijia huku. Kule kulikokuwa na risasi ilinyamaza, ikasubiri nipate godoro zuri na joto ukutani ndipo ije. Katika ndoto hiyo Salvatori amefika ufukweni. Amembeba mama yake mgongoni, maji yamemfika mapajani, ananiita kwa jina. Mimi nimo ndani ya boti na mdomo wangu haufunguki. Boti linaondoka. Nikiamka, taya linauma.

Mama yangu alinifundisha kwamba ndoto mbaya humwambii mtu kabla hujayaambia maji. Unaamka, husemi na yeyote, unakwenda penye maji yanayotembea, unayasimulia, yanaichukua. Na ndoto njema huisemi kabisa mpaka itimie, ukiisema, umeiharibu. Sasa Alby nitapata wapi kijito asubuhi ya baridi, theluji magotini? Nikawa nafungua bomba la bafuni. Alina anagonga mlango, amechelewa shule, ananiuliza kwa Kiswidi naongea na nani humo. Namjibu, "Na bomba." Lo! Mtoto akaenda kumwambia mwalimu wake hivyohivyo, kwamba mama yake huongea na bomba. Nikaitwa shuleni, na kutoka shuleni nikapelekwa kwa mwanasaikolojia.

Alikuwa dada mdogo tu, mpole, na mkalimani wake alikuwa mama mmoja wa Mombasa, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka nikaona haya kulia mbele yake na hiki changu cha Rumonge. Nilisimulia ndoto. Nilidhani ataandika vidonge. Badala yake akaniuliza, "Ungependa iishe vipi?"

Tangu nitoke kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema, apande.

"Basi apande," akasema. Akanieleza kwamba kila siku, nikiwa macho, nifumbe macho niipitie ndoto yote polepole, lakini mwisho uwe huo wa kwangu. Nirudie na kurudia, mpaka usingizi nao uufuate.

Nilicheka. Nikamwambia mkalimani, "Mama, hebu muulize, kwani ndoto ni mchuzi, nikiona haijakolea niongeze chumvi?" Mkalimani alicheka kwanza, ndipo akatafsiri. Yule dada naye akacheka. Kisha akasema neno moja ambalo sitamsingizia kwamba hakulisema: zoezi hili ni la kunipa usingizi, halibadilishi yaliyotokea. Nilimsikia vizuri kabisa.

Nikawa nalifanya ndani ya treni, kutoka Alby kuelekea mjini, mkoba mapajani. Salvatori anaita, mimi nafungua mdomo, namwita mwenye boti, boti linarudi, Salvatori anampakia mama yake, kisha anapanda mwenyewe na suruali imelowa. Basi. Hapo ndipo nilipokomea siku zote. Mara mbili nilipitiliza kituo cha kubadilishia treni.

Yapata mwishoni mwa baridi ndoto ikageuka. Nilikuwa nimelala kweli, si zoezi. Akaita, mdomo wangu ukafunguka, boti likarudi, akapanda. Akaketi karibu yangu, akakamua pindo la suruali, akanitazama kwa dharau yake ileile ya utani. Akasema, "Ulidhani sitakuja?"

Maneno hayo mimi sikuyatunga.

Nilikaa kitandani na furaha. Zoezi langu lilikuwa limekwisha kwenye suruali iliyolowa; hayo mengine yalitoka wapi? Nani aliyeyasema? Ndoto ikarudi tena na tena, na kila mara maneno ni yaleyale. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Nikajua ni ujumbe: yu hai, yuko njiani.

Na kwa kuwa ilikuwa ndoto njema, sikuisema. Mwanasaikolojia aliponiuliza, nilijibu kwamba sasa nalala vizuri. Alifurahi, tukaagana. Laiti ningemwambia, nadhani angenishika mkono akanirudisha chini taratibu. Lakini mtu anayengoja mume wake hataki kurudishwa chini.

Alina alikuwa na akili kuliko mimi. Aliona bomba limenyamaza. Akaniuliza nimeota nini, nikamjibu kwamba ndoto njema haisimuliwi. Akaenda kusimama penye fremu ya mlango. "Baba alikuwa mrefu kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akaleta kiti, akabandika hapo karatasi ya nyota, ya zile alizopewa shuleni. Basi tukawa watu wawili tunaongoja, na hakuna aliyetamka neno kungoja. Subira yavuta heri, nilikuwa najiambia nikipiga deki sakafu za Kista.

Jumapili moja tulikwenda ubatizo Sundbyberg, kwa rafiki yangu wa kanisani. Kulikuwa na mgeni aliyefika Uswidi karibuni, na nilipomwona mlangoni nilimtambua mara moja: Melkiori, jirani yetu wa Rumonge, rafiki wa Salvatori wa kukamua naye mawese. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shemeji," akasema. "Hatujaonana tangu mambo yale. Pole sana ya Salva."

"Pole ya nini?"

Akaachia mkono wangu.

"Shemeji, hawakukwambia?"

Nyuma yetu watu walikuwa wanaimba kwa ajili ya mtoto.

"Tulimzika sisi," akasema. "Siku ileile, jioni. Yeye na mama, nyuma ya nyumba. Alikuwa bado amembeba."

Nikamuuliza kama alifika ziwani.

"Ziwani wapi, shemeji. Hakutoka hata uani."

Sikulia pale. Nilikwenda nikasaidia kupakua wali, kwa sababu sahani ziliwekwa mbele yangu. Nililia kwenye treni, nikamwambia Alina yote, naye akalia kwa ajili ya baba ambaye hakuwahi kumwona. Alipotulia akauliza kama baba yake alikufa kabla hajazaliwa yeye. Nikamwambia ndiyo. Akageukia dirisha.

Nimepima jambo hili kwa miaka mingi sasa. Ufukweni sikumwacha mtu. Ndoto ile mbaya, iliyonitafuna miaka yote, ilikuwa ya uongo: hapakuwa na mwanamume majini akiniita. Nashukuru kulijua hilo, ingawa shukrani yenyewe ni chungu. Na ile njema ilikuwa ya uongo vilevile. Wakati nawapokea watu wa malori kambini, Salvatori alikuwa udongoni. Wakati ananiambia, "Ulidhani sitakuja?", alikuwa udongoni. Waliosema waliota kabla ya vita, sibishani nao tena. Mimi najua kwamba kichwa changu kiliweza kurudisha boti na kufungua mdomo, na hakikuweza kumtoa mtu mmoja kwenye ua wake.

Lakini ndoto haikukoma. Hilo ndilo linaloniua. Habari zilinifikia mimi, zenyewe hazikushuka mpaka huko ndotoni anakokaa Salvatori. Bado anaita, bado boti linarudi, bado anapanda na kukamua suruali. Ninaamka na furaha, kisha nafiwa naye upya kabla sijavaa viatu.

Nilirudi kwa yule dada. Hakunilaumu. Alisema tunaweza kufanya kazi ileile tena, nichague mwisho ninaoweza kuishi nao: nimpungie mkono, nimuage vizuri, boti liende. Alisema kweli, na alisema kwa huruma. Nikamwomba muda.

Nyumbani nilimweleza Alina. Alikuwa amekua, wa kunipita urefu, Kiswahili chake cha kuchechemea, Kiswidi kimemjaa mdomoni. Nikamwambia, mwanangu, wale walimuua mara moja. Mimi yule dada ananitaka nimuue kila siku ndani ya treni, macho nimefumba, kwa akili yangu mwenyewe.

Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Mama, usimbadilishe. Wewe uliishi na yeye. Mimi baba yangu ni huyo wa ndoto tu."

Sikurudi tena kwa mwanasaikolojia. Asubuhi Alina huja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, nami namsimulia alivyokuja, alivyosema, alivyocheka. Halafu yeye huenda shule, mimi Kista.