Dada wa Karatasi Aliyesimama

Juzi mwanangu alikata mtu wa karatasi mwenye kichwa kama boga, na kila akimsimamisha anaanguka. Nikakumbuka kibanda cha shangazi yangu, fundi cherehani wa Mabibo, kilivyonukia mafuta ya mashine na mananasi ya sokoni. Nilipokuwa mtoto, watu wangu wa karatasi nao walikuwa wakianguka hivyohivyo.

Siku moja shangazi alinipima kichwa kwa uzi. Nikafurahi, nikidhani nashonewa kofia. Kumbe akaushusha uzi uleule mwilini mwangu hadi miguuni, akihesabu urefu wa kichwa unaingia mara ngapi.

"Umeona kichwa kilivyo kidogo? Haya, chora."

Nikachora dada mwenye gauni la marinda, nikamkata. Akasimama! Shangazi akambandika ukutani, katikati ya picha zake za mitindo.

Jioni mteja aliingia, akazitazama zote, kisha akamnyooshea kidole dada yangu wa karatasi.

"Fundi, mie nataka gauni kama la huyu."