Koo Lililoziba na Koo Zilizofika

Jua halijatoka vizuri juu ya vilima vya Nyarubungo, wilayani Biharamulo, na tayari Melania anachuja uji kwa mara ya pili. Anaminya kitambaa cheupe, uji wa mtama unadondoka taratibu ndani ya bakuli. Anachota kijiko kimoja, anakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, anatikisa kichwa, kisha anarudisha uji wote kitambaani.

"Bado una chembe," anamwambia mwandishi wa habari hizi. "Chembe moja tu, na mwenzangu anakabwa."

Kuchemsha uji ndiyo kazi yake. Tangu kijiji hiki cha ujamaa kianzishe shule ya watoto wadogo, Melania ndiye mpishi wao, na watoto wenyewe wamepita sitini. Hivi sasa ana masufuria mawili: la watoto, na la mumewe Ildefonce.

"Watoto wanataka uji mzito, wakiona mwepesi wanalia. Huyu nikimpa mzito analia yeye. Asubuhi nyingine nasimama katikati, sijui mwiko ni wa sufuria lipi."

Ildefonce amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Alikuwa mpasua mbao. Milango mingi ya nyumba mpya za kijiji imetoka katika msumeno wake, ule mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Leo fulana yake inaning'inia mabegani kama iliyoanikwa, na sauti yake imebaki mkwaruzo.

Mwenzake wa kazi, Telesfori, anaingia bila kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee wa kijiko," anamtania, ingawa wao ni marika.

"Marahaba, mtoto," Ildefonce anajibu kwa taabu. "Msumeno?"

"Umelala njaa kama wewe. Nani atauvuta upande wako? Nilimjaribu shemeji hapa, akaniuliza kama mbao nazo zinachujwa."

Melania anacheka, kisha anageuka upande na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Leo ni siku ya safari. Ildefonce anatakiwa kufikishwa hospitali kubwa ya Mwanza, akatiwe mpira ndani ya njia ya chakula ili aweze kumeza. Tangu juzi hata maji yanarudi. Vita vya Kagera vimechukua mabasi na mafuta, na malori yanayopita yana askari. Kama hatafika Mwanza, atakufa kwa kiu ndani ya nyumba yenye mtungi uliojaa.

Safari hii ilichelewa, na sababu ya kuchelewa ni neno.

Melania ni Mhangaza, mzaliwa wa upande wa Rulenge, wilayani Ngara. Kiswahili alikipata sokoni, kisha katika darasa la elimu ya watu wazima. Ugali ulipoanza kumkwama mumewe mwaka jana, alikwenda kumweleza mhudumu wa zahanati kwa Kiswahili chake.

"Nilimwambia, 'Muhogo wake umeziba.' Kwetu koo ni umuhogo. Yeye akasikia muhogo wa kula! Akaniambia, 'Mama, mwambie atafune vizuri, na ashushie maji.' Nikarudi nyumbani nikijiuliza muhogo umeingiaje, maana sisi siku hizo tulikuwa tunakula viazi."

Viazi navyo vikakataa kupita. Ndipo Melania alipomchukua mumewe mpaka hospitali ya misheni, upande wa kwao. Mganga aitwaye Alfonce alimpima, akampiga picha, akamwita mkewe kando.

"Mama Zita," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "huu ni ugonjwa mbaya wa koo. Na umekwenda mbali."

Melania alikuwa ametoka tu kufundishwa darasani: ukoo mmoja, koo nyingi. Aliyapokea maneno ya mganga kama alivyofundishwa. Ugonjwa wa koo. Koo mbili, yaani ukoo wake na ukoo wa mumewe.

"Kila kitu kilikaa mahali pake," anaeleza. "Tulipohamishiwa kijijini, ukoo wa mume wangu waliacha makaburi ya wazee wao kule walikotoka. Wenzangu wa Rulenge walikuwa wamekasirika, wakisema niliolewa bila wao kuulizwa vizuri. Nilijiambia, kweli umekwenda mbali. Umefika mpaka makaburini."

Hakumwuliza mganga neno jingine. Alimrudisha mumewe nyumbani, akatuma salamu kwa koo zote mbili.

Nao walifika. Malongo, kaka mkubwa wa Ildefonce, alikuja na watu wake. Kutoka Rulenge alikuja Renatus, kaka yake Melania, na vijana wa nyumba yao. Walikaa uani, kila upande na benchi lake, wakabishana nani kauleta ugonjwa.

"Ni ninyi," alisema Renatus. "Mmewaacha wazee wenu porini bila hata wa kuwapalilia."

"Tuliwaacha kwa kupenda?" alijibu Malongo. "Lori la serikali lilitusubiri mlangoni! Na wewe, shemeji, tangu dada yako aolewe umewahi kukanyaga uani hapa, japo kuomba chumvi?"

Kikao kiliendelea mpaka wakachoka kugombana. Wakaenda kule porini, wakasafisha makaburi pamoja, wakala pamoja, wakapeana mikono. Mgonjwa alitazama yote hayo akiwa amefumbata kikombe chake. Wiki zikapita, na uji wa kikombeni ukawa unashuka kwa shida.

Aliyefumbua neno ni Mwalimu Leonsia, anayefundisha darasa la kisomo. Alikuja kumjulia hali mwanafunzi wake aliyekuwa haonekani, akasimuliwa habari za koo zilizopatana.

"Mganga alisema koo hizi au koo hili?" aliuliza Leonsia.

"Hakusema hizi wala hili. Alisema koo tu."

Leonsia akaweka kidole kwenye shingo yake mwenyewe, akasema kwa upole, "Mama Zita, na hili pia ni koo."

Melania anasema alikaa chini palepale. "Nilimwuliza, 'Mwalimu, kwa nini mnaandika maneno mawili kwa herufi zilezile?'"

Alirudi kwa Mganga Alfonce akiwa na swali moja: je, amemwua mumewe kwa kutojua? Mganga hakumdanganya. Alimwambia ugonjwa wenyewe ni saratani, kidonda kinachoota ndani ya njia ya chakula, na kwamba siku ile ya kwanza kilikuwa kimekwisha kupita mahali pa kukatwa. Mpira ungetiwa mapema, ungemfaa zaidi, maana angekuwa na nguvu. Lakini mpira hauponyi. Unafungua njia tu, kwa muda.

"Nilitoka pale sijui nilie au nishukuru," anasema Melania. "Kama nisingekosea, angepona? Hapana. Basi kukosea kwangu si kitu? Mganga hakusema hivyo pia. Mpaka leo sijapata pa kuliweka jambo hili."

Aliporudi, Malongo alimkataza kumwambia mgonjwa. "Ukimwambia hatapona, utamwua kabla ya ugonjwa." Renatus naye akasema mtu mzima hafichwi habari za mwili wake. Melania aliwasikiliza wote wawili, na wote wawili aliwaona wana haki.

Sasa katibu wa kijiji amepata nafasi. Lori la jeshi linalorudi Mwanza litapita barabara kuu asubuhi hii, na dereva amekubali kumchukua mgonjwa. Kutoka hapa mpaka barabarani hakuna gari. Kuna machela ya fito, na kuna wabebaji: watu wa Malongo mbele, watu wa Renatus nyuma.

"Inueni sawasawa, Wahangaza!" Malongo anafoka. "Mnamlaza kichwa chini."

"Ninyi mlio mbele ndio wafupi," anajibu Renatus, na hata Ildefonce anatabasamu.

Wanateremka bondeni. Melania anatembea ubavuni, bakuli limefungwa kitambaani. Masufuria ya watoto amemwachia jirani. Akirudi, anasema, atarudi darasani pia, maana ana maneno mengi ya kumwuliza Leonsia.

Barabarani vumbi linaonekana kwa mbali. Ildefonce anamshika mkono.

"Huo mpira," anauliza, "utaniponya?"

Malongo anamtazama Melania kwa ukali. Renatus anaangalia pembeni. Melania anasogea karibu naye.

"Hapana, Baba Zita. Hauponyi. Utakusaidia kunywa."

Lori linasimama. Wabebaji wote wanangoja, machela ingali mabegani. Ildefonce anauachia mkono wa mkewe, anashika fito ya machela.

"Basi twende," anasema. "Nina kiu."

Wanampandisha, na Melania anapanda baada yake. Mwandishi anamwuliza anatumaini nini huko Mwanza. Anafikiri, huku dereva akiwasha gari.

"Kupona sijui. Kurudi sijui. Amesema ana kiu," anajibu. "Hilo nimelielewa."